Homoni za jinsia na vipokezi vya ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nipo kaunta ya duka la dawa mwaka wa kumi na mbili sasa, na kabla ya hapo nilipitia maabara ya fiziolojia chuoni ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kulisha panya na kusafisha vizimba vyao. Maswali haya yanakuja kwa mafungu, mara mdada kaulizia vidonge vya majira, mara mzee kaja analalamika matiti yanakua, mara kijana wa gym, na kila siku najikuta narudi palepale kwenye ini. Nimeona niyaweke yote pamoja. Mengine nimejibu kwa kirefu, mengine mstari mmoja, inategemea na swali lenyewe.

Homoni za jinsia zinahusiana nini na ini? Si ni mambo ya uzazi hayo?

Ndo kila mtu anavyodhani. Estrojeni, projesteroni na testosteroni zinatoka kwenye ovari na korodani ni kweli, ila zikishaingia kwenye damu zinazunguka mwili mzima, na seli za ini nazo zinazisikia vizuri tu. Ini la mtu mzima lina kama kilo moja na nusu, alafu ndo kiwanda cha protini nyingi za damu, kwahiyo homoni ikibadilisha kidogo tu utendaji wa ini unaona matokeo mpaka kwenye miguu, kwenye moyo, kwenye majibu ya maabara.

Kipokezi ni nini hasa?

Chukulia homoni ni mtu anayepiga hodi. Anaweza kupiga hodi mtaa mzima, lakini itaitikiwa kwenye nyumba yenye mtu ndani tu. Kipokezi ndo yule mtu anayeitikia "karibu". Ni protini, kila moja na homoni yake. Homoni kubwa kubwa kama ya ukuaji, prolaktini na insulini haziwezi kupenya ndani ya seli, kwahiyo vipokezi vyake vimekaa juu ya ukuta wa seli, mlangoni kabisa. Estrojeni na testosteroni ni ndogo na zina asili ya mafuta, zinapenya zenyewe mpaka ndani, vipokezi vyake viko huko ndani na vikishashikana na homoni vinaenda moja kwa moja kwenye jeni kuwasha au kuzima.

Kipokezi cha estrojeni alikigundua Elwood Jensen pale Chicago miaka ya mwisho ya 1950, aliiwekea estrojeni alama ya mionzi akawa anaangalia inaenda kujificha wapi. Cha pili yake, kinachoitwa beta, kilikuja kujulikana mwaka 1996. Kwenye ini kinachotawala ni kile cha kwanza, alfa.

Kwani ini lina jinsia?

Lina. Hili lilinishangaza sana chuoni na bado linanifurahisha. Mwaka 1932 watafiti wawili, Nicholas na Barron, walikuwa wanawapa panya dawa ya usingizi jamii ya babitureti, wakakuta majike wanahitaji karibu nusu ya dozi ya madume. Dawa ileile, panya walewale. Sababu ilikuja kueleweka baadaye kwamba ini la panya dume lina vimeng'enya vinavyoivunja dawa haraka zaidi, na ukimhasi dume ini lake linaanza kufanana na la jike.

Kwetu binadamu tofauti ni ndogo kuliko ya panya ila ipo. Kile kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi sana, CYP3A4, kwa wastani wanawake wanacho kingi zaidi kwenye ini kuliko wanaume.

Mnaposema homoni moja "inabadilisha vipokezi" vya nyingine maana yake nini?

Hapa ndo kiini chenyewe. Watu wanadhani homoni inaleta ujumbe wake alafu basi, kumbe estrojeni na testosteroni zinafanya na kazi nyingine, zinaamua mlangoni pa ini kutakuwa na watu wangapi wa kuitikia hodi za homoni NYINGINE. Zinaongeza au zinapunguza vipokezi, au zinaviacha vilivyo ila zinaharibu waya unaotoka kwenye kipokezi kwenda ndani. Kwahiyo unaweza kupima damu ukakuta homoni ya ukuaji imejaa tele na ini halisikii kitu. Mtu akiniuliza "homoni zangu ziko juu au chini" huwa namwambia hilo ni nusu ya swali.

Nipe mfano unaoeleweka.

Mfano wangu siku zote ni prolaktini, ile homoni ya maziwa. Ini la panya jike lina vipokezi vingi vya prolaktini, la dume lina vichache mno, na jike akishika mimba vinapanda zaidi. Mwaka 1974 Posner, Kelly na Friesen kule Montreal walichukua panya dume wakawapa estrojeni, na baada ya siku kadhaa maini ya madume yakajaa vipokezi vya prolaktini kama ya majike. Mpaka hapo ungesema estrojeni imeingia kwenye ini ikawasha jeni, kesi imeisha.

Ila wakajaribu kuwatoa panya tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo, alafu wakawapa estrojeni ileile. Hakuna kitu! Vipokezi havikuongezeka. Yani estrojeni ilikuwa inapitia kwa mtu wa kati. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba ukimtoa panya pituitari alafu ukampandikizia nyingine chini ya utando wa figo, mahali ambapo inaendelea kumwaga prolaktini tu, vipokezi kwenye ini vinarudi. Kwahiyo prolaktini yenyewe ndo inajitengenezea watu wa kuiitikia, na estrojeni inamchokoza pituitari aitoe kwa wingi. Baadaye ikaonekana hata homoni ya ukuaji ikiingia mfululizo bila kukatika inafanya hivyohivyo.

Testosteroni inavuta upande wa pili. Mhasi dume vipokezi vinapanda, mrudishie testosteroni vinashuka.

Mtu anaweza uliza ini linataka prolaktini ya nini wakati halinyonyeshi. Panya anayenyonyesha anakula kupita kiasi, mafuta mengi yanahitaji nyongo nyingi, na prolaktini inaliambia ini liongeze milango ya kurudisha chumvi za nyongo kutoka kwenye damu. Ina maana kabisa ukifikiria.

Na homoni ya ukuaji?

Hii ndo ngumu kidogo, soma taratibu. Pituitari ya panya dume inatoa homoni ya ukuaji kwa mapigo, inamwaga nyingi, inanyamaza kabisa, baada ya saa 3 na kitu inamwaga tena. Ya jike haina kunyamaza kule, inatiririka muda mwingi. Jumla kwa siku haipishani sana ila ini linajua kutofautisha mpigo na mtiririko! Ndani ya seli kuna protini inaitwa STAT5b ambayo kwa dume inawaka na kuzima kufuata mapigo, na huo muziki wenyewe ndo unawasha jeni za kiume za ini. Ukimpa dume homoni ya ukuaji kwa pampu, mfululizo, ini lake linakuwa la kike wakati korodani anazo na testosteroni anayo.

Vipokezi navyo vinatofautiana. Panya jike ana vingi zaidi vya homoni ya ukuaji kwenye ini, estrojeni inaviongeza, na mimba ndo zaidi. Alafu kuna jambo la utotoni, testosteroni inayotoka siku za mwanzo baada ya panya kuzaliwa inaupanga ubongo wake, kiasi kwamba akifika balehe anatoa mapigo ya kiume. Ukimhasi siku anazaliwa, mpango huo haukai sawa.

Sisi sio panya. Kwa binadamu ikoje?

Sawa, ila kwa binadamu kuna kitu kizuri zaidi na kinamhusu kila anayemeza estrojeni. Homoni ya ukuaji ikifika kwenye ini, ini linatengeneza homoni nyingine inaitwa IGF-1, na hiyo ndo inafanya sehemu kubwa ya kazi tunayoiita ukuaji. Mwaka 1991 watafiti wa Sydney walilinganisha wanawake waliokoma hedhi, estrojeni ya kumeza na ya kiraka cha kubandika kwenye ngozi. Ya kumeza ilishusha IGF-1 na homoni ya ukuaji ikapanda, yani pituitari inapiga kelele zaidi kwa sababu ini limeziba masikio. Ya kiraka haikufanya hivyo.

Sababu moja ilionekana mwaka 2003, kwamba estrojeni inaiamsha protini inaitwa SOCS2 na hii inaukata ule waya wa ndani ya seli wa kipokezi cha homoni ya ukuaji. Watu wapo mlangoni, hodi wameisikia, ila wamefungwa midomo.

Hii sio ya vitabuni tu. Mwanamke ambaye pituitari yake imekufa na anachomwa sindano za homoni ya ukuaji, akiwa anameza estrojeni atahitaji dozi kubwa zaidi. Akihamia kiraka dozi inashuka, na kama daktari hajui kahama basi sindano ileile inakuwa nyingi kupita kiasi. Na zamani madaktari waliutumia udhaifu huu kwa faida, mgonjwa mwenye homoni ya ukuaji iliyozidi, yule mikono na taya vinakua ukubwani, alikuwa anapewa estrojeni kushusha IGF-1.

Kwa nini kumeza na kubandika visilingane wakati dawa ni ileile?

Siku ukienda bucha kununua maini mwambie muuza nyama asikukatie kwanza, akupe kipande chenye ile sehemu ya chini katikati. Utaona mrija mpana, mweupe kiasi, ule ambao mama huwa anautoa kabla ya kukaanga kwa sababu hautafuniki. Pale ndo inapoingia vena porta, mshipa unaotoka moja kwa moja kwenye utumbo. Ukiingiza kidole unaingia kabisa, ni mpana kweli. Karibu robo tatu ya damu ya ini inapitia hapo.

Kidonge ukikimeza kinanyonywa kwenye utumbo na chote kinapita kwenye ule mrija kwanza, kikiwa kikali vilevile kabla hakijachanganyika na damu ya mwili mzima. Ini linapata mvua ya mawe wakati viungo vingine vinapata manyunyu. Kiraka kinaingia kwenye damu ya kawaida, ini linapata fungu lake kama wengine.

Ndo maana vidonge vya majira vinasemwa vinagandisha damu?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Estrojeni kwenye ini inaongeza utengenezaji wa protini kadhaa za kugandisha na inapunguza baadhi ya zile za kuzuia, kama protini S. Vidonge vingi vya mchanganyiko vina ethinilestradioli, iliyotengenezwa Berlin mwaka 1938, na wameiwekea mkia unaofanya ini lishindwe kuivunja haraka. Kwahiyo inakaa kwenye seli za ini na kuendelea kupiga hodi hata kama haikupitia mdomoni.

Hatari kwa mdada mwenye afya ni ndogo, na mimba yenyewe inagandisha damu kuliko kidonge, hili watu hawapendi kulisikia. Ila kama unavuta sigara na umevuka miaka 35, au umewahi kupata damu kuganda mguuni, au unapata kipandauso kile cha kuona mwanga mwanga kabla kichwa hakijauma, usininunulie vidonge vya mchanganyiko kimya kimya pale kaunta, sema. Kuna njia za projestini peke yake, yani homoni jamii ya projesteroni bila estrojeni.

Nilipima thairoidi nikiwa kwenye vidonge, wakasema iko juu. Nina goita?

Uliza walipima T4, homoni yenyewe ya thairoidi, kwa jumla au T4 huru. Estrojeni ya kumeza inaliambia ini litengeneze kwa wingi ile protini inayobeba homoni ya thairoidi, kwahiyo T4 jumla inapanda kwa sababu mabasi yameongezeka, abiria wanaoshuka kufanya kazi ni walewale. T4 huru na TSH, homoni ya pituitari inayoiamuru thairoidi, zinabaki kawaida. Kinyume chake anayemeza levothairoksini kwa sababu tezi yake imelala, akianza estrojeni ya kumeza anaweza kuhitaji dozi zaidi, arudie TSH baada ya wiki 6 hadi 12.

Kuna mama alikuja kwangu na dawa za kushusha thairoidi, kaandikiwa mahali fulani kwa kipimo hicho kimoja cha T4 jumla, hakuna aliyemuuliza anatumia nini. Nilimrudisha akapime tena na sikumuuzia.

Testosteroni je, inafanya nini kwenye ini?

Ini lina vipokezi vyake. Panya dume wana protini moja ya ajabu inatengenezwa kwenye ini na kutokea kwenye mkojo, alfa-2u-globulini. Kabla ya balehe haipo, inaanza kuonekana wanapofika kama siku 40, wakizeeka inapotea hata ukimdunga testosteroni kwa sababu vipokezi kwenye ini vimepungua. Dume akipewa estrojeni inapotea pia. Kila nikikumbuka kusafisha vile vizimba nakumbuka harufu ya madume, ilikuwa tofauti kabisa na ya majike, na protini hii ni sehemu ya sababu maana inabeba vinukishi.

Kwa binadamu testosteroni inapunguza SHBG, protini ya ini inayozibeba homoni za jinsia zenyewe, estrojeni inaipandisha.

Vidonge vya gym vinaharibu ini kweli?

Vile vya kumeza vya jamii ya testosteroni vimefanyiwa ujanja uleule wa kukwepa kuvunjwa na ini, na vinaliumiza. Kolesteroli nzuri inashuka vibaya, nyongo inaweza kukwama ukawa wa njano, wengine wanapata uvimbe au mifuko ya damu ndani ya ini. Siuzi, usiniombe.

Mzee wetu ana ini limesinyaa, mbona matiti yanakua na viganja vimekuwa vyekundu?

Ini lililojaa makovu linashindwa kusafisha homoni, androjeni (homoni za kiume) nyingi zinaishia kugeuzwa estrojeni kwenye mafuta na misuli, na hapohapo SHBG inapanda inaikamata testosteroni, kwahiyo uwiano unaegemea estrojeni. Vile vimishipa kama buibui kifuani ni hadithi hiyohiyo. Alafu angalieni dawa zake, kama tumbo linajaa maji inawezekana anapewa spironolaktoni, na hiyo inaziba vipokezi vya testosteroni, kwahiyo nayo inakuza matiti. Msimwachishe wenyewe nyumbani, mwambieni daktari.

Kwa nini saratani ya ini inapata wanaume zaidi?

Duniani wanaume wanaipata mara mbili mpaka tatu ya wanawake. Pombe na sigara zina mchango ila sio yote. Kirusi cha homa ya ini B kina sehemu kwenye jeni zake ambayo kipokezi cha testosteroni kinaweza kushika na kumwongezea kasi ya kuzaliana, yani kirusi kimejifunza kuitikia hodi ya kiume. Na kwa panya, mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba ukiwapa kemikali ya kuleta saratani karibu madume wote wanaipata na majike wachache tu, kwa sababu estrojeni inazituliza seli za ulinzi za ini zisimwage IL-6, kichochezi cha uvimbe.

Kwetu ongezea sumu kuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ikikutana na homa ya ini B hatari inazidishana. Jinsia huwezi kuibadilisha pale kliniki, chanjo unaweza kupata, watoto wanaipata ndani ya pentavalenti, mtu mzima anapima kwanza alafu anachanjwa.

Nina kijiti mkononi na natumia ARV. Nizingatie nini?

Hili ni la muhimu kwa hapa kwetu kuliko yote. Ini lina kipokezi kingine, PXR, ambacho kinaitikia hodi za vitu vingi, pamoja na homoni jamii ya projesteroni zikiwa nyingi, na kazi yake ni kuongeza vimeng'enya vya kuvunja vitu. Rifampisini ya kifua kikuu inakiamsha vibaya sana, na efavirenzi, moja ya ARV, nayo inaamsha vimeng'enya hivyohivyo. Ini likishaamka linaivunja homoni ya kijiti kama mgeni asiyetakiwa. Utafiti wa Uganda uliotoka mwaka 2016 ulikuta wanawake wenye kijiti cha levonogestreli waliokuwa kwenye efavirenzi, kiwango cha homoni kwenye damu kilikuwa karibu nusu ya wenzao, na kati ya 20 watatu walishika mimba kabla mwaka haujaisha. Kijiti hichohicho kingemlinda mwingine miaka mitano!

Dolutegraviri, ambayo wengi wamehamia, haina shida hiyo. Sindano ya Depo haiguswi na efavirenzi. Ukianza dawa za TB mwambie muuguzi wa uzazi wa mpango siku hiyohiyo, na kondomu iwepo.

Nimekoma hedhi na kolesteroli imepanda ghafla, sijabadilisha chakula.

Estrojeni ilikuwa inaongeza vipokezi vya LDL kwenye ini, vile vinavyovuta kolesteroli mbaya kutoka kwenye damu. Imepungua, milango imepungua, kolesteroli inabaki inazurura. Mafuta kwenye ini nayo yanaongezeka kwa wanawake kipindi hiki mpaka wanawakaribia wanaume. Hujakosea chakula, ila sasa pima kila mwaka.

Kuna juisi ya kusawazisha vipokezi vya ini?

Hamna.

Nina mimba ya miezi saba, viganja na nyayo zinawasha usiku, hakuna upele.

Usije kununua dawa ya mzio kwangu. Estrojeni na projesteroni za mwisho wa mimba zinaweza kulizuia ini lisitoe nyongo vizuri, chumvi zake zinarudi kwenye damu na ndo zinawasha. Mama anapona akishajifungua ila mtoto anaweza kudhurika chumvi zikipanda sana. Nenda kliniki kesho asubuhi, omba kipimo cha ini na cha chumvi za nyongo kama kipo, na uwaambie wazi kwamba ni viganja na nyayo, usiseme tu "nawashwa".